Kamba ya Kiatu cha Kulia

Mwika,
Jumapili, 16 Juni 2024.

Dada yangu Elinipendo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama huko Songea, kifua hakikubani, na wanafunzi wako hawajakumaliza sauti. Sisi huku tupo. Mama magoti yanamsumbua kila mvua inapokaribia, basi siku hizi tunamtumia badala ya utabiri wa redio, na yeye hakosei. Ng'ombe amezaa ndama jike, tumeshukuru. Kahawa ya upande wa mfereji imeanza kuwa nyekundu. Ukungu wa mwezi wa sita umeshuka kama kawaida yake. Asubuhi unamsikia jirani anakohoa lakini humwoni, unamsalimia kwa kukisia.

Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili. Hilo jingine utalisoma huko chini.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nilikupigia mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa darasani. Mara ya pili ulipokea, nikakupa habari za ndama. Mara ya tatu ulipokea tena, nikakupa tena habari za ndama, ukaniuliza kama nimeanza kuzeeka. Nikaona kwa simu nitakuwa nakusimulia ndama mpaka naye azae. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea kwenye magazeti yanayofungia maandazi, lakini karatasi naiamini. Haikuulizi swali ukiwa katikati ya sentensi ukapata mahali pa kukimbilia.

Habari inaanzia kwa Goodness, mtoto wa pekee wa marehemu kaka yetu Isack. Ofisi ya mifugo imempa pikipiki ya kuzungukia mazizi ya watu, kutoka huku kwetu mpaka karibu na Himo. Alijifunzia kwenye uwanja wa mpira wa shule, na vijana wa kijiweni walikwenda wote kumtazama kama wanaokwenda kwenye mechi. Mmoja akamwuliza, daktari wa ng'ombe, ukianguka tumwite nani? Akawajibu, mwiteni ng'ombe, ana akili kuwazidi nyie. Tangu siku hiyo wanampisha barabarani. Ana umri wa miaka ishirini na mitano, dada, na anaendesha akiwa ameinamisha bega la kushoto kidogo, vilevile kama baba yake. Hakuna aliyemfundisha kuliinamisha. Alikuwa na miaka kumi na sita Isack alipotutoka.

Wiki mbili zilizopita alikuja akasema, baba mdogo, nataka viatu vya kuendeshea. Helmeti ninayo, koti ninalo, miguuni niko na raba za kanisani. Wewe umebeba mizigo ya wageni mlimani miaka kumi na moja, viatu unavijua, twende wote Moshi ukanichagulie. Nikasema sawa. Nilifurahi hata. Ndipo akaongeza kwamba labda hatuna haja ya kwenda, kwa sababu viatu vya baba yake viko pale darini, vizima, na mguu wao ni mmoja, namba arobaini na mbili.

Unavikumbuka viatu vile. Vya kahawia, vya mlimani, vyenye kamba nyekundu. Mgeni mmoja aliniachia getini Marangu tulipokuwa tumeshuka, kama wanavyofanya wakimaliza safari, nami nikampa Isack kwa sababu kwangu vilibana. Baada ya mazishi Mama alivisafisha akavipandisha darini, juu ya magunia ya mahindi.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipanda dari lile kuchukua mahindi, na kila mara nilikuta viatu vile vimeelekea mlangoni. Yaani vimenielekea mimi. Nilikuwa navigeuza viangalie ukuta. Nikirudi baada ya mwezi au miwili, vimegeuka tena. Na havikuwa na vumbi. Vilikuwa laini, vinang'aa, kama vya mtu aliyeviacha jana. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, wewe unanijua, lakini nilifika mahali nikamwambia Mama kwamba mgongo unauma, mahindi awe anateremsha jirani. Kumbe ni Goodness. Kila alipokuja likizo alikuwa akivipaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe na kuvirudisha vikitazama mlango, ili vipate hewa. Alinieleza huku akicheka. Nami nikacheka. Lakini nikaona kwamba miaka yote nilikuwa nikivihukumu viatu bure, hofu ilikuwa yangu.

Jingine ni mlio. Tik, tik, tik, taratibu, kama kitu chepesi kinachogusa spoku za gurudumu. Nausikia cherehani ya jirani inapopunguza mwendo. Nausikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye jani moja la mgomba kwenda kwenye jingine. Mchungaji akinyamaza kidogo katikati ya sala nausikia, na ndiyo maana nakaa karibu na kwaya.

Basi tulikwenda Moshi, Jumamosi ya tarehe nane. Goodness alibeba viatu vya baba yake kwenye mkoba, akisema atamwonyesha fundi wa viatu aone kama vinafaa. Sikumkataza. Ningemkataza kwa sababu gani?

Pale soko la Memorial, mbele kidogo ya wauza mapazia, kuna mzee anaitwa Zaidi, anauza buti za mtumba tu, na anaziuza kama mtu anayezionea huruma kuziacha ziende. Goodness alikuwa amependa jozi moja nyeusi inayometameta. Mzee Zaidi akaichukua, akaikunja kifundoni kwa mikono miwili, ikakunjika kama chapati. Akasema, binti yangu, kiatu cha pikipiki hukichagui kwa kukitazama, unakichagua kwa kukitesa. Hiki kimekubali kukunjwa na mzee wa miaka sabini, kwa hiyo kitakubali kukunjwa na lori. Akakitupa kwenye lundo.

Akamletea nyingine, nzito, isiyo na uzuri wowote. Akaigonga mbele kwa kitasa kibovu cha mlango, ikalia ko ko. Akamwambia abonyeze pembeni, pale mfupa wa kifundo unapojitokeza, aone kama kuna kigumu ndani. Akamwonyesha kisigino, kwamba lazima kiwe na ngazi, kishike kwenye kikanyagio, maana soli ya bapa huteleza mvua ikinyesha. Akamwonyesha kipande cha ngozi kilichoongezwa juu ya vidole vya mguu wa kushoto, cha kupandishia gia. Ifike juu ya ugoko, akasema, usinunue ya kuishia kifundoni ukadhani umevaa buti. Akamkalisha juu ya pikipiki mbovu anayoitumia kwa kazi hiyo, akamwambia abadilishe gia, akanyage breki, ashushe mguu, aupandishe, mara kumi. Kama kidole kinauma sasa, akasema, ukifika Himo kitakuwa kinalia.

Goodness akauliza mbona haina kamba. Mzee akasema, ndiyo sababu nimekupa hii. Ina zipu, na juu ya zipu ina kifuniko kinachong'ang'ania. Pikipiki na kamba hawaongei.

Ndipo Goodness akatoa viatu vya baba yake mkobani. Akasema, na hivi, mzee?

Dada, nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Mzee Zaidi aliviweka mapajani, akavipapasa, akasifu mafuta. Akasema ni viatu vizuri mno kwa mtu anayetembea. Huko kwenu, akasema, watu wengi wanavivaa kwenye pikipiki, kwa sababu wageni wanawaachia na mnaona kiatu kilichofika kileleni hakiwezi kushindwa na kona ya Mwika. Lakini mlimani mguu unatakiwa uwe huru, na kamba ziwe ndefu za kuzungusha. Kwenye pikipiki kamba ndefu inatafuta pa kuingia. Akaiinua kamba ya kiatu cha kulia. Unakumbuka kamba hiyo ni fupi upande mmoja? Mama alidhani ilikatika kwenye ajali. Mzee akaisogeza kwenye mwanga, akasema, hii haikukatika. Kamba iliyokatika ina nywele. Hii imekatwa kwa kisu kikali, mara moja. Na mtu anayevua kiatu hakati kamba, anaifungua. Anayekata ni yule anayetaka kumtoa mtu.

Hakuniangalia mimi aliposema hivyo. Goodness ndiye aliyeniangalia.

Nikatoka nje nikajifanya natazama mapazia. Muuza mapazia akaniuliza dirisha langu lina upana gani, nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli, kwa sababu wakati ule nisingeweza kukuambia hata jina la babu.

Goodness alitoka mikono mitupu. Ile jozi nzito alimwomba mzee amwekee mpaka Jumamosi ya pili yake. Tulipofika nyumbani tulisimama kwenye uzio wa mimea ya sale. Akasema, baba mdogo, Jumatatu naanza kuzunguka. Kama viatu vya baba vina tatizo, nitajie tatizo lenyewe, sio unaniambia mimi ni mtoto wa kike. Usiponitajia nitavivaa. Si vinafaa? Si wewe ndiye uliyempa?

Nilimwomba siku moja. Akanipa mpaka kesho yake mchana, baada ya ibada. Nilikula kiburu cha Mama, ndizi zake na maharage, bila kujua kama kina chumvi. Na kesho yake, chini ya kibanda cha kukaushia kahawa, nikamweleza haya ninayokueleza sasa. Kaa chini, dada, kama umesimama.

Siku ile ya ajali Isack alikuwa ananipeleka Himo niwahi gari la kampuni, mimi nikiwa nyuma na begi langu. Kulikuwa na ukungu na rasharasha. Asubuhi hiyo alitoka amevaa gambuti za shambani. Nikamcheka. Nikamwambia tunapita mbele ya watu, nimekupa viatu vilivyofika kileleni na wewe unavaa kama anayekwenda kusafisha banda. Akarudi ndani akavivaa. Akalalamika kwamba kamba ni ndefu, zinamsumbua, akaomba kisu changu azikate. Nikakataa. Dada, nilikataa. Nilimwambia kamba za aina ile haziuzwi huku, zizungushe tu kifundoni, utazikata Jumapili ukitaka. Nilikuwa najivunia kamba. Mtu mzima, najivunia kamba nyekundu zisizo zangu.

Kwenye ule mteremko wa kabla ya daraja dogo, kamba ya kulia ilikuwa imejifungua. Kitanzi chake kikaingia kwenye kikanyagio, kikajikaza. Kona ilipofika alitaka kusogeza mguu kwenye breki, mguu haukuja. Alipiga kelele, Hosea, breki! Hosea, breki! Akabana ya mkono, gurudumu la mbele likateleza. Mimi nilirushwa kwenye migomba. Yeye alishuka na pikipiki mpaka kwenye mawe ya kijito.

Nilipomfikia gurudumu la nyuma lilikuwa bado linazunguka, na mwisho wa kamba ulikuwa unagusa spoku. Tik, tik, tik. Mguu wake ulikuwa umefungwa pale kama mbuzi. Nikatoa kisu, kile alichoniomba nikamnyima, nikaikata. Akafumbua macho akaniuliza, umeikata? Nikasema nimeikata. Akasema, afadhali. Hakusema neno lingine.

Kipande nilichokata nilikitia mfukoni kabla watu hawajafika. Sikukitia kwa kupanga. Lakini watu walipofika, mkono wangu ulikuwa umekishika na haukukitoa.

Sasa unajua kilichofuata, ila hukujua kilitoka wapi. Waliniuliza kulitokea nini. Nikasema, alipiga kelele breki. Basi. Hayo tu ndiyo niliyosema, na yalikuwa kweli tupu. Pikipiki ilikuwa imekunjika kama mwamvuli, hakuna aliyeweza kupima kitu. Waliobaki walimalizia wenyewe: nani alimwekea breki mpya Jumamosi? Sylvanus. Mchumba wako. Kabla maji ya kunawa hayajakauka, msiba mzima ulikuwa unajua kwamba fundi Sylvanus amemuua shemeji yake kwa breki mbovu. Mimi nilikaa kwenye benchi nikanywa chai. Mtu akinisogelea kunipa pole, nilipokea.

Na mwezi uliofuata ulinipa pete nimrudishie. Ulikuwa unalia, hukutaka kumwona. Nikaipeleka mwenyewe kwenye karakana yake. Aliipokea na mikono ya grisi, akaiangalia, akaniuliza swali moja tu: na wewe, shemeji, unaamini? Nikamwambia, mimi sijui, nilikuwa nyuma. Hilo ndilo neno langu baya kuliko yote, kupita hata la kamba. La kamba nilikosea. Hili nilijua.

Wewe ukaenda Songea. Yeye akabaki bila mtu wa kumpelekea pikipiki. Akahamia Himo, anatengeneza matoroli na mashine za kukoboa. Mtu hawezi kufa kwa toroli, ndiyo maana wanamletea.

Goodness alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza, Fundi Sylvanus anajua? Nikasema hajui. Na shangazi? Hajui. Akasimama, akafungua kamba zote kwenye viatu vya baba yake, akazikunja vizuri, akaziweka mfukoni mwa koti. Nilidhani atanitukana. Ningependa angenitukana.

Kumbe Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao anamenya ndizi, na kusikia ndicho kiungo chake pekee kisichozeeka. Alitoka na kisu mkononi. Akasema, Hosea, hutakula tena nyumbani kwangu kabla hujafika kwa Sylvanus. Akaenda kwenye uzio akakata jani la sale, akalifunga fundo, akanikabidhi.

Unajua desturi yetu. Ukimpelekea mtu sale kumwomba msamaha, hana njia ya kulikataa. Akilikataa yeye ndiye mkosaji, na ukoo mzima utamshangaa. Nilitembea nalo mpaka barabarani, halafu nikafikiri: mtu huyu nimemnyima neno miaka tisa, leo nimwendee na jani la kumnyima hata hasira yake? Nikalitia mfuko wa ndani wa koti nikafunga kifungo.

Himo nilimkuta ameinama kwenye toroli. Amezeeka, dada, nywele zimeota mvi kwa pembeni, ila bado anaimba kwa pua akifanya kazi. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alipomaliza kunisikiliza alifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Mimi nikaingiza mkono ndani ya koti bila kujijua. Akaona ncha ya kijani. Akasema, hilo liache humohumo, Hosea. Nikaliacha. Hakuniita shemeji.

Akarudi kwenye toroli akakaza nati moja. Kisha akauliza, huyo binti anaendesha pikipiki gani? Nikamtajia. Breki zake nani anaziangalia? Nikasema hajapata mtu bado. Akasema, mwambie ailete.

Goodness hakuanza kazi Jumatatu ile. Aliomba ruhusa ofisini. Jana, Jumamosi, tulipanda gari kwenda Moshi kwa Mzee Zaidi. Safari hii nilichagua mimi. Niliikunja ile jozi nzito kifundoni ikakataa, nikaigonga ikalia, nikamkalisha Goodness kwenye pikipiki mbovu nikamhesabia mara kumi, mpaka mzee akasema sasa umekuwa fundi kuliko mimi. Tukarudi kuchukua pikipiki, akateremka nayo mpaka Himo pole pole akiwa amezivaa, mimi nyuma yake. Kwenye daraja dogo alipunguza mwendo, hakusimama.

Sylvanus alimsalimia Goodness, akamtazama miguuni, akatikisa kichwa kukubali. Akaipandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, akatia gia, gurudumu la nyuma likazunguka. Akatoa gia, akazima injini, akaliacha liendelee lenyewe. Nami nikausikia ule mlio. Tik, tik, tik. Nilijua ni mnyororo tu, lakini nikashika nguzo. Sylvanus alikuwa ananiangalia. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya pedeli ya breki, akakandamiza taratibu. Gurudumu likasimama. Palikuwa kimya kabisa pale karakana, dada, kimya ambacho sijakisikia tangu mwaka 2015.

Hakuuliza habari zako, na pete hakuitaja. Sitakudanganya tena kwa kukupa nusu. Anuani ya karakana yake ni ileile ya sanduku la posta la kanisa lao pale Himo, kama utaihitaji kwa lolote, hata kwa kumtukana mtu mwingine ukiwa umemaliza kunitukana mimi.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha kamba nyekundu, urefu wa shubiri moja. Ndicho. Sikuweka jani la sale, na usinisamehe kwa kuwa tu nimeomba. Lile la Mama bado limo kwenye koti, limeanza kukauka, nami silitoi mpaka niliyemkosea aseme nilitoe.

Mama anakusalimu sana, anasema kama Songea hakuna ndizi za maana umwambie atume. Goodness anakuamkia, shikamoo shangazi. Ndama hajapewa jina, tunakusubiri wewe.

Nabaki hapa Mwika nikiwa tayari kusoma chochote utakachoandika, hata kama ni mstari mmoja, hata kama bahasha itarudi haijafunguliwa.

Ni mdogo wako,
Hosea